Kamera ya filamu ikianguka: dalili, chanzo na la kufanya kabla ya kutia roli nyingine

Mshipi umekatika bodaboda ikiruka tuta karibu na Maseno, au upepo umeangusha stendi pale juu Menengai, au kamera imeteleza mkononi ikagonga ubao wa mashua Dunga. Unaiokota, unabonyeza, inalia kama kawaida, moyo unatulia. Hapo ndipo hasara huanza. Kamera ya dijitali ingekuonyesha papo hapo kwamba upande mmoja wa picha umefifia. Ya filamu hunyamaza mpaka roli iishe na isafishwe, kisha picha zote 36 za harusi zinarudi na ukungu ule ule kwenye kona ile ile. Kulia kwa shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye filamu, hakuthibitishi kwamba inafunguka kwa muda sahihi, wala kwamba lenzi ingali imekaa wima mbele ya filamu.

Maelezo haya ni ya kamera za mm 35 zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, za aina ya Pentax K1000, Nikon FM2, Canon AE-1 na Olympus OM-1. Karibu vipimo vyote vinafanyika nyumbani kwa tochi ya simu, vipande vya karatasi, kifuniko cha plastiki cha CD na roli moja ya majaribio.

Kabla ya kubonyeza chochote

Usivute wenzo wa kusogeza filamu, usifyatue, usizungushe pete ya fokasi. Ikiwa gia imehama mahali pake, mvuto mmoja wa nguvu unaweza kugeuza kazi ya dakika 10 kuwa kazi ya kubomoa kamera nzima. Na mchanga ukiwa umeingia kwenye nyuzi za lenzi, kuizungusha ni kuusaga ndani.

Soma kwanza alama za nje, kwa sababu zinaonyesha nguvu ilipitia wapi. Pete ya mbele ya lenzi ikiwa imebonyea, nguvu ilisafiri ndani ya lenzi yote ikaishia kwenye kitako, yaani pale lenzi inaposhikana na bodi. Watu hukimbilia kukagua kioo cha mbele, kumbe kioo ki salama na kitako ndicho kimepinda. Bodi ikibonyea juu ya kichungulio, shuku prizimu, kile kioo kinene kinachopeleka picha kwenye jicho lako. Kona ya juu kulia ikiumia, shuku kirungu cha spidi na mfumo wa kuvuta filamu. Kona ya juu kushoto, komeo la mlango wa nyuma. Chini ya kamera kuna gia nyingi kuliko watu wanavyodhani, na bamba linalozifunika ni jembamba.

Uso safi nao usikudanganye. Kifuniko cha juu cha Canon AE-1 ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma. Hubonyea kikarudi umbo lake bila kubaki na alama, huku nguvu yote imeshapita kwenda ndani.

Kama kuna filamu ndani, iokoe kwanza. Zungusha kirungu cha kurudishia taratibu kuelekea mshale: ukihisi mvuto, filamu ipo. Bonyeza kitufe cha chini, uirudishe kwenye mkebe wake bila haraka. Ikigoma, usilazimishe, itachanika. Ngoja usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba nafasi ya chini ya mlango kwa blanketi, fungua mlango wa nyuma gizani na uizungushe kwa mkono ndani ya chombo kisichopitisha mwanga. Ikiwa mlango ulifunguka wenyewe kwenye ajali, ufunge mara moja na usiitupe roli. Mizunguko ya juu imeungua, lakini ya ndani kwenye spuli mara nyingi husalimika.

Kamera haifyatui kabisa

Anza na sababu za bure. Kwenye AE-1 shata haifunguki bila betri, nayo hutumia betri moja ya volti 6 aina ya 4LR44. Kifuniko cha betri cha kamera hiyo ni plastiki dhaifu na huvunjika upesi. Kikilegea kidogo, kamera nzima huonekana imekufa. Usipopata 4LR44 mjini, panga LR44 nne za fundi wa saa ziwe safu moja. Jumla ni volti 6 zile zile, ila safu ni fupi kwa takriban mm 3.5, kwa hiyo jaza pengo kwa foili iliyokunjwa ikakazwa. Sugua pia vidole vya shaba vya chumba cha betri kwa kifutio cha penseli.

Nikon FM2 hufyatua bila betri. LR44 zake mbili ni za mita ya kupimia mwanga tu. Lakini ina kufuli: wenzo wa kuvuta ukiwa umelala kabisa kwenye bodi, kitufe hakiendi chini. Utoe nje kidogo, ujaribu tena. K1000 nayo haihitaji betri kufyatua, kwa hiyo ikigoma tatizo ni la chuma.

Sasa wenzo. Ukikwama katikati ya mvuto na bamba la chini lina bonde, inawezekana kabisa kwamba bamba linakandamiza gia. Fungua skrubu zake chache, liondoe, uvute wenzo kwa kidole kimoja bila filamu. Ukienda laini, gia ni nzima: weka bamba kifudifudi juu ya ubao, linyooshe kwa kulisugua na mpini wa kijiko, ulirudishe. Lakini wenzo ukivutika bila uzito wowote, kama haujashika kitu, kuna kipande kimekatika au springi imetoka, na hiyo si kazi ya mezani nyumbani.

Tahadhari kuhusu bisibisi. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa umbo la JIS, tofauti kidogo na ule wa bisibisi nyingi za dukani. Bisibisi isiyolingana hupanda juu ikakwangua kichwa, na skrubu ya mm 1.7 iliyokwanguliwa kichwa ni tatizo kubwa kuliko bonde ulilotaka kunyoosha.

Kichungulio ni cheusi, au picha ndani yake imepinda

Toa lenzi utazame ndani. Kioo cha kuakisi kinapaswa kulala chini kwa pembe ya nyuzi 45. Kikiwa kimenasa juu, angalia kama kirungu cha spidi hakijasukumwa hadi B (ambapo shata hubaki wazi mradi umebonyeza kitufe) na kama mvuto wa wenzo umekamilika. Kwenye OM-1 kuna kiwiko kando ya mdomo wa kamera kinachoinua kioo kwa makusudi, na pigo dogo linatosha kukigeuza. Wengi wametangaza kamera imeharibika kwa sababu ya kiwiko hicho.

Usiguse uso wa kioo hicho. Fedha yake imepakwa juu, si nyuma kama kioo cha kunyolea, na kitambaa laini chenyewe huikwaruza. Pulizia vumbi kwa kipulizio cha mpira, basi.

Ukiona mstari mweusi unaokatiza kichungulio, au mandhari imekatika vipande viwili visivyolingana, prizimu imepasuka au imehama. Hilo haliathiri filamu hata kidogo. Picha zitatoka vizuri, ila wewe ndiye utateseka kuzipanga. Mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kuishi nalo. Kioo cha kuakisi kilichohama pembe ni hatari zaidi, kwa sababu kinakudanganya kwenye fokasi bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Lenzi yenyewe

Filta ikivunjika usipanguse. Geuza lenzi itazame chini, pulizia, ondoa vipande vilivyobaki kwa kibano, kisha pulizia tena. Mikwaruzo mingi inayoonekana kwenye kioo cha mbele baada ya ajali haikutokana na ajali. Ilitokana na mtu aliyepitisha kitambaa juu ya chenga za filta. Pete ya filta ikinasa, zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na uifungue kwa kuishika pande zote kwa nguvu sawa. Ukiibana upande mmoja inakuwa yai na kunasa zaidi.

Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha, isipokuwa jua likipiga moja kwa moja, ambapo huleta weupe. Ufa ulio ndani au kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine: kadiri ulivyo karibu na filamu ndivyo unavyoonekana.

Zungusha sasa pete ya fokasi, polepole, mwanzo hadi mwisho. Ikikaza sehemu moja na kulegea kwingine, pipa la lenzi si duara tena. Ikikwaruza njia nzima, ni mchanga. Acha hapo hapo, inahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Ikiyumba kushoto na kulia, skrubu zimelegea au zimekatika ndani. Barabara zetu za marram husaidia kulegeza: kamera iliyosafirishwa miezi mingi ndani ya dashibodi huanguka ikiwa tayari na skrubu nusu wazi.

Mabapa, yale majani ya chuma yanayofunga tundu la lenzi, yakague kwa jicho. Weka f/16, yaani tundu dogo (f/2 ni tundu kubwa), sukuma kiwiko kidogo cha nyuma ya lenzi na ukiachie mara kumi. Kwenye lenzi nyingi za Kijapani za zama hizo mabapa yanapaswa kufunga na kufungua kwa mkupuo, na tundu libaki na pande zinazolingana. Upande mmoja ukiwa umechomoza, bapa limetoka kwenye pini yake. Yakifunga kwa uvivu, kuna mafuta, jambo ambalo huenda lilikuwepo kabla ya kuanguka. Kwenye filamu dalili ya mabapa mabovu ni hii: picha za f/2 zina mwanga sawa, za f/16 zimepata mwanga kupita kiasi.

Kisha kitako. Funga lenzi kwenye bodi, uishike karibu na kitako na kuitikisa. Kuzunguka kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida. Kuinuka na kushuka, au kutoka mbele na kurudi, si kawaida. Kata utepe wa karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80, ambayo unene wake ni takriban mm 0.1, ujaribu kuuingiza kati ya lenzi na bodi juu, chini, kushoto na kulia. Haupaswi kuingia popote. Ukiingia upande mmoja, kitako kimepinda au skrubu zake zimeng'oka.

Sababu ya kuhangaika na sehemu ya kumi ya milimita ni hesabu hii. Lenzi ikiwa wazi kwa f/2, nafasi ya kosa kwenye filamu ni takriban mm 0.06 mbele au nyuma, basi. Kwa f/8 nafasi hiyo inafika kama mm 0.24. Ndiyo maana kamera iliyopinda hutoa picha nzuri juani saa sita mchana, tundu likiwa limefungwa, kisha inaharibu zote za jioni ndani ya kanisa. Mwenye kamera hulaumu filamu, au fundi wa kusafisha.

Fokasi: kupima bila kupoteza filamu

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na wengi hawakifanyi.

Chukua kifuniko cha plastiki angavu cha CD, ukate kipande cha mm 34 kwa mm 50. Sugua upande mmoja kwa msasa laini, namba 400 hadi 600, mpaka uwe na ukungu sawasawa. Fungua mlango wa nyuma wa kamera isiyo na filamu. Utaona reli nne za mlalo; zile mbili za ndani ndizo filamu hulalia. Laza kipande juu yake, upande wenye ukungu ukitazama lenzi, ukikishika kwa selotepu kidogo kwenye ncha. Kisiguse shata kamwe.

Weka kamera kwenye stendi, spidi kwenye B, tundu wazi kabisa, na uishikilie shata ibaki wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli. Picha itaonekana kwenye ukungu, kichwa chini miguu juu. Itazame kwa kioo cha kukuza. Lenzi nyingine ya mm 50 ikigeuzwa nyuma mbele hukuza kama mara 5 na inafaa sana.

Lenga mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita 1. Vyuma vyake vilivyopishana ni rahisi kuhukumu kuliko mti au kilima. Fanya kazi hii asubuhi, kabla ya saa tatu. Kuanzia saa nne hewa juu ya ziwa huko Kisumu huanza kucheza kwa joto, na kitu cha mbali hakitulii hata kwa lenzi mpya. Nakuru mambo ni hayo hayo ukitazama juu ya uwanda wa ziwa.

Weka fokasi ukitumia kichungulio kwanza, kisha fungua shata na ulinganishe na ukungu.

Kichungulio kikisema kali na ukungu ukasema kali, na pete imegota kwenye alama ya mbali kabisa, umesalimika. Kichungulio kikiwa kali na ukungu umefifia, kosa liko kwenye kioo cha kuakisi au kwenye skrini ya fokasi iliyo chini ya prizimu. Filamu na lenzi viko sawa, ila macho yako yanapewa habari za uongo. Toa lenzi uangalie kama skrini imekaa ndani ya fremu yake pembe zote. Pigo la juu huiinua kona moja, na mara nyingi hurudi kwa kusukumwa kwa kijiti cha pamba. Pembe ya kioo chenyewe hurekebishwa kwa pini ndogo iliyo kando ya chumba cha kioo. Usiiguse kama huna cha kupimia.

Vyote viwili vikikubaliana lakini mnara unakuwa kali pete ikisoma mita 10, au haufiki ukali kabisa, jaribu lenzi ya pili. Ya pili ikifanya vivyo hivyo, bodi ndiyo iliyoumia. Isipofanya, ni lenzi ya kwanza.

Upande mmoja ukiwa kali na mwingine umefifia, kuna mteremko mahali fulani. Hapa watu hukosea kwa kupiga ukuta wa matofali bila kusimama sambamba nao, kisha wanahukumu lenzi isiyo na kosa. Ning'iniza kioo kidogo cha bapa katikati ya ukuta, usogeze kamera mpaka uone lenzi yako yenyewe katikati kabisa ya kichungulio. Sasa uko sambamba. Ondoa kioo, kagua pembe nne, kisha pindua kamera juu chini na ukague tena. Tofali lililofifia likibaki ni lile lile la upande ule ule wa ukuta, hukuwa sambamba. Ufifi ukihamia upande wa pili wa ukuta, uko ndani ya kamera. Badilisha lenzi: ukiondoka na lenzi, vioo vya ndani vimehama mstari, ukibaki, ni kitako cha bodi.

Kwa yeyote mwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo, pamoja na adapta ya kuifungia lenzi hiyo, kukagua lenzi peke yake ni kwa dakika mbili. Bado bodi ya filamu itahitaji ukungu wake.

Shata

Fungua nyuma, toa lenzi, elekeza mawingu meupe, kamwe si jua. Fyatua kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde ukitazama kutoka nyuma. Mstatili wote unapaswa kumulika kwa mara moja. Ukingo mmoja ukibaki mweusi kila mara, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla ya safari kwisha. Kwenye K1000, OM-1 na AE-1 mapazia ni ya kitambaa na hukimbia mlalo, kwa hiyo weusi utakuwa kushoto au kulia. Kwenye FM2 ni mabapa ya chuma yanayokwenda wima, kwa hiyo juu au chini. Hayo ya chuma ni membamba mno. Ukiona hata moja limejikunja, usifyatue tena, litavuta mengine.

Kwa spidi za polepole, rekodi video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde ukitazama katikati ya dirisha la filamu, kisha uhesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 ni fremu 240, 1/15 ni 16, 1/30 ni 8, 1/60 ni 4. Juu ya 1/125 usiamini hesabu hiyo. Ikiwa 1/60 ni sahihi lakini 1/4 inanasa katikati huku mlio wa gia ukikatika, ni gia za ucheleweshaji zilizotikisika au zilizokauka mafuta. Sehemu nyingine za shata hazina kosa; kamera inaweza kuendelea na kazi za mchana.

Flashi ipimwe pia, hasa ikiwa ilikuwa imefungwa juu wakati wa kuanguka, kwani hugeuka mtarimbo unaong'oa kiti chake. Nyuma ikiwa wazi, fyatua kuelekea ukuta mweupe kwa 1/60 kwenye K1000. Unapaswa kuona mstatili mzima uking'aa.

Mwanga unaovuja

Mlango wa nyuma ukipinda hata unene wa ukucha, roli nzima inaingia moshi mwekundu. Gizani, bila filamu, toa lenzi, shikilia shata ibaki wazi kwa B, mlango ukiwa umefungwa. Chungulia kupitia mdomo wa kamera huku mtu mwingine akipitisha tochi ya simu kwenye mishono yote: bawaba, komeo, juu, chini.

Kama tayari una negativu zilizosafishwa, zenyewe zinatosha. Weusi ukivuka fremu hadi kwenye matundu ya pembeni, mwanga uliingia kwa mlango wa nyuma. Ukikoma kwenye mipaka ya fremu, uliingia kwa mbele: kitako, chumba cha kioo au tundu kwenye pazia. Kumbuka picha hukaa kichwa chini ndani ya kamera. Doa lililo juu ya picha limetoka chini ya kamera, na lililo kushoto kwa picha limetoka kulia, upande wa bawaba.

Sponji za mlango zilizooza huangushwa na mtikisiko. Kwa muda, uzi mweusi wa kufuma ukilazwa kwenye mfereji wake huziba vizuri ajabu, na selotepu nyeusi ya fundi umeme juu ya mshono hukamilisha. Usiiache selotepu wiki nzima kwenye joto la Kisumu, gundi yake hubaki kwenye ngozi ya kamera.

Mita

Sindano ya mita, kwa kamera zilizo nayo, huning'inia kwenye mhimili mwembamba kama wa saa, na ndiyo dhaifu kuliko yote. Lenga ukuta wa rangi moja kivulini, ulinganishe na programu ya mita kwenye simu. Ikipishana stopu 1 (mwanga mara mbili au nusu) kila mahali, badilisha tu namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kupokea mwanga, kwenye kirungu uendelee. Ikirukaruka, waya au njia ya umeme imekatika. Ikitoa jibu jingine ukipindua kamera, mhimili umeumia. Kwa OM-1 kumbuka kwamba mita yake iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, betri ya volti 1.5 huipotosha hata bila ajali yoyote.

Bila mita bado unafanya kazi. Jua kali lenye vivuli vilivyokatika wazi, filamu ya ISO 200, weka f/16 na 1/250.

Roli ya majaribio

Iwe ya ISO 200, fremu 24, na andika kila fremu kwenye daftari. Mbili za kwanza piga kifuniko kikiwa kwenye lenzi, uiache kamera juani dakika 5 kati ya moja na nyingine. Zikitoka na alama, mwanga unavuja. Kisha, ndani ya dakika moja na jua likiwa halijafunikwa, ukuta ule ule: 1/1000 kwa f/8, 1/500 kwa f/11, 1/250 kwa f/16, 1/125 kwa f/22 ikiwa lenzi inafika. Negativu zote nne zinapaswa kuwa na uzito mmoja, yaani weusi sawa. Ya 1/1000 ikiwa na weusi hafifu au ukingo mtupu, ni shata. Ya f/16 na f/22 zikiwa nzito, ni mabapa. Fremu zilizobaki zitumie kwa ukuta wa matofali f/2, flashi, na spidi za polepole kwenye stendi.

Ukivuta wenzo, tazama kirungu cha kurudishia kama kinazunguka. Kisipozunguka, filamu haisogei. Roli ikirudi, pima nafasi kati ya fremu: zikipishana au kupandana, kishikizo cha kuvutia kinateleza. Mistari mirefu inayofuata urefu wa filamu hutoka kwenye reli au bamba la nyuma lililopata kikwaru. Pitisha kijiti cha pamba juu yake. Nyuzi zitanasa mahali penyewe.

Kwa fundi

Fundi wa saa mwenye mkono mtulivu anaweza kukaza kitako, kubadili betri na kunyoosha bamba. Shata, pembe ya kioo na vioo vya ndani vya lenzi vinahitaji aliyefungua kamera ya aina hiyo hiyo kabla. Mpelekee negativu za majaribio pamoja na daftari, si maneno matupu kwamba "haifanyi vizuri": akiona fremu ya f/2 iliyofifia kulia na ya f/8 iliyo kali, anajua pa kuanzia kabla hajashika bisibisi. Na kamera ndogo yenye flashi ya ndani isifunguliwe na asiyejua. Kapasita ya flashi hubeba volti zipatazo 300, na huzishikilia hata betri ikiwa imetolewa.